Mguu wa Nne wa Joka

Kwa miaka arobaini joka la Mapango Saba lilikuwa na miguu mitatu, na kwa miaka hiyo yote aliyelichora aliona haya.

Aliyelichora alikuwa bibi yake Sisimizi. Sisimizi ni jina la utani, na alipewa na bibi huyo huyo, kwa sababu alikuwa mdogo wa umbo, hatulii mahali, na ukimpa mzigo mkubwa kuliko yeye ataukokota mpaka afike nao. Jumamosi hiyo asubuhi alikuwa amekaa kwenye meza ya jikoni, kishikwambi mbele yake, kalamu mkononi, chai imempoea, anamalizia picha ya mwisho kati ya picha kumi na mbili za majaribio. Saa nane mchana picha hizo zilitakiwa kuwa kwa Mchapishaji.

Bibi alikuwa nyuma yake, anakunja nguo ambazo zilikwisha kukunjwa.

"Mke mwenzangu," Bibi akasema. Alimwita hivyo tangu akiwa mtoto wa kubebwa, eti wote wawili wameolewa na babu mmoja. "Joka limependeza. Linang'aa kama sufuria ya bibi harusi."

"Ahsante, Bibi."

"Lina miguu mingapi?"

"Mitatu. Kama la kwako."

Bibi akaweka taulo chini. "Hapo ndipo ninapotaka kusema nawe. Lipe wa nne."

Usishangae bibi wa wajukuu sita kumwombea mguu mnyama asiyekuwepo duniani. Mapango Saba ni mchezo wa mezani. Hauna ubao wala kete. Una kitabu kinene chenye picha, karatasi, penseli, na dadu yenye pande ishirini. Mtu mmoja ni Msimulizi, naye anawaambia wenzake wako wapi na nini kimesimama mbele yao. Wale wengine kila mmoja ana shujaa wake. Shujaa wako akitaka kuruka shimo, unasema, "Naruka," unarusha dadu, na dadu ndiyo itakayokujibu kama umevuka au umekuwa marehemu.

Kitabu cha kwanza kilichorwa na Bibi, akiwa mama kijana, kwa kalamu na wino mweusi. Hakuwa amewahi kuona joka, basi akalitengeneza kwa vitu vya nyumbani: pua ya birika, magamba ya nanasi, na macho ya jirani mmoja asiyependa kelele za watoto. Alipofika kwenye mguu wa mbele wa kushoto, binti yake wa miaka mitatu, ambaye baadaye ndiye aliyemzaa Sisimizi, alikuwa na homa na amelala mapajani mwake. Mtoto akatupa mkono, kichupa kikaanguka, na pale mguu ulipotakiwa kuwa pakawa na dimbwi la wino. Wino haufutiki. Bibi akaligeuza dimbwi likawa jiwe, akampeleka mtoto na picha pamoja, mtoto kwa daktari na picha kwa mwenye kitabu, akanyamaza.

Kitabu kilipotoka, akaingia duka la vitabu akitazame rafuni kama watu wengine. Akamkuta kijana mmoja amekifungua.

"Njooni mwone!" kijana aliwaita wenzake. "Joka lina miguu mitatu!"

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Bibi akatoka kimya kimya. Aliendelea kuchora: mabango ya maduka, vitabu vya hesabu, picha za utumbo na mapafu za kutundika darasani. Lakini majoka, basi.

"Miaka arobaini," Bibi akamwambia Sisimizi. "Hata nikiona mbuzi barabarani, nahesabu miguu."

Sisimizi akamtazama. Alikumbuka neno la Mchapishaji siku alipompa kazi: "Badilisha utakavyo, ila joka ulitazame vizuri la zamani." Yeye alilitazama, akaona ndiyo, ni zuri. Mguu mmoja wa kuongeza ungemuudhi nani? Akanakili mguu wa upande wa pili, akaugeuza, akauweka mahali pake, akaondoa jiwe, akasuka magamba pale ulipoungana na kifua.

Bibi akavaa miwani. Akahesabu kwa kidole bila kugusa kioo. Akahesabu tena, safari hii kutoka nyuma. Kisha akamkumbatia mjukuu wake kwa nyuma, hata kalamu ikaruka.

"Sasa hata nikifa, sawa tu."

"Bibi, usife kabla ya saa nane."

Kwa maana saa nane ndiyo iliyokuwa na mambo. Kwa miaka mitatu kazi ya Sisimizi ilikuwa kuchora malimao ya karatasi za sabuni. Limao limekatwa, limao linadondosha tone, limao linacheka na jani kichwani. Sasa Mapango Saba yalikuwa yanatolewa upya, toleo la nne, na picha zake zikikubaliwa, picha zote sitini za kitabu zingekuwa zake. Zikikataliwa, Mchapishaji atarudia picha za zamani, na Jumatatu asubuhi Sisimizi atarudi kwenye limao.

Na mwenye kukubali au kukataa hakuwa Mchapishaji. Ilikuwa Meza.

Marehemu baba yake Mchapishaji, aliyeanzisha kazi ile, aliacha desturi moja: picha mpya haziendi mashineni mpaka wachezaji wa kwanza kabisa wakae nazo na kucheza mapango matatu. Wachezaji hao waliitwa Meza, na sheria yao ilikuwa moja: kilichochorwa kipo. Maandishi yaseme yatakavyo, picha ikisema vingine, picha ndiyo mshindi.

Sheria hiyo ilikuwa imewatesa kweli kweli. Toleo la pili lilipakwa rangi za mafuta na fundi mmoja aliyependa misuli na upepo. Kila shujaa alikuwa na kifua kama kabati, nywele zinapeperuka hata ndani ya pango, na wanawake wa upanga walivaa vitambaa viwili vya kufutia miwani. Basi shujaa wa Daktari wa Meno, mmoja wa hao Meza, kwa kuwa ndivyo alivyochorwa, alishikwa na mafua pango la pili na kufa kwa kichomi pango la tatu, kabla hajauona hata mkia wa joka. Toleo la tatu likaja na mtindo mwingine: weusi, minyororo na miiba kila mahali. Mabega yana miiba, buti zina miiba, hata kijiko kina miiba. Mwaka huo hakuna shujaa aliyeweza kumkumbatia mwenzake, na wawili walichomana wakipishana mlangoni. Lakini wachoraji wote hao, wa misuli na wa miiba, joka walilinakili kwa Bibi, jiwe na miguu mitatu.

Hayo yote Bibi hakuyajua. Hakuwa amerudi kukifungua kile kitabu.

"Nakusindikiza," alisema, amekwisha kuuchukua mkoba. "Nitakaa mlangoni. Sitasema neno."

"Bibi, hiyo siku sijawahi kuiona."

Chumba cha Meza kilikuwa nyuma ya mashine za kuchapia. Kilinuka gundi na karatasi mpya. Marundo ya karatasi yalipanda mpaka dirishani, na pembeni palikuwa na mashine ya kukatia karatasi, juu yake kibao: VIDOLE NI VYAKO, VITUNZE. Viti vilikuwa vitano, na kimoja tu kilikuwa na mto. Mchapishaji, mtu mrefu mwenye penseli nyuma ya kila sikio, alimwona Bibi mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Hakuuliza ni nani. Alichukua kiti chenye mto, ambacho kilionekana wazi kuwa ni chake, akampa, na yeye akaenda kukalia boksi la karatasi.

Picha alikuwa amezichapa kwenye karatasi kubwa, akazipanga kifudifudi mezani. Upande mmoja alikaa Fundi Cherehani, futi ya kupimia shingoni. Huyo ndiye Msimulizi, na sauti yake ilikuwa kubwa kuliko chumba. Mkabala naye Mwalimu wa hesabu, mstaafu, ambaye shujaa wake kwa miaka arobaini alikuwa mwizi, ingawa yeye mwenyewe hajawahi kuondoka shuleni hata na kipande cha chaki. Kando yake Daktari wa Meno, mwanamke mnene mwenye mikono midogo, mwenye shujaa wa upanga.

"Binti," Daktari akamuuliza Sisimizi, "mimi nimevaa?"

"Umevaa, Daktari. Kuanzia shingoni mpaka vifundoni."

"Mungu akubariki. Tuanze."

Pango la kwanza. Fundi akafunua picha. Ilikuwa ya kupendeza: rangi zinameremeta, na shujaa wa Daktari ameinua upanga juu, mpana kama mlango. Sisimizi alikuwa ameutia urefu kidogo, kwa ajili ya uzuri. Fundi akavua futi shingoni.

"Jamani, hapana," Mwalimu akanong'ona.

Fundi akapima upanga. Akapima korido iliyochorwa nyuma yake. "Upanga una urefu wa watu wawili na nusu. Korido ina kona."

"Nitaupitisha kwa mshazari," Daktari akasema.

"Jaribu."

Ikawa robo saa nzima ya kupitisha upanga kwenye kona, kama watu wanaopandisha kitanda ghorofani.

"Inua kwako!"

"Nimeinua! Shusha kwangu!"

"Unakwaruza ukuta!"

"Ukuta si wa mama yako! Sukuma!"

"Uache hapo nje, basi," Mwalimu akasema, anafuta jasho la kweli.

"Ukiibiwa?"

"Mwizi ni mimi, na niko humu ndani!"

Wakacheka mpaka Mchapishaji akaangusha penseli moja. Sisimizi naye akacheka, lakini nusu nusu. Hakujua kama wanaicheka picha au wanacheka nayo. Daktari wa Meno akamsogezea bilauri ya maji bila kumtazama, ili asijue kwamba hofu yake imeonekana. Bibi, kwenye mto wake, aliliona hilo, akalitia moyoni.

Pango la pili. Mwalimu akasugua mikono. "Hapa ndipo kwangu. Nanyata. Najificha gizani."

"Giza lipi?" Fundi akauliza.

Wote wakainama. Huo ulikuwa mtindo wa siku hizi, na Sisimizi aliupenda: kila kitu kina mwanga wake. Uyoga unang'aa, maji yanang'aa, utando wa buibui unang'aa.

"Hata panya anang'aa," Daktari akasema.

"Miaka arobaini ya wizi," Mwalimu akalalamika, "leo nakosa giza!" Akafikiri. Kisha akasimama wima, akanyoosha mikono juu na kufumba macho. "Haya. Mimi ni taa."

"Unasemaje?"

"Vitu vyote vinang'aa, na mimi nang'aa. Walinzi watapita, wataona taa."

Akarusha dadu. Kumi na tisa. Meza nzima ikapiga kelele, na Fundi, kwa sauti ya mlinzi wa pangoni, akapita mbele ya Mwalimu, akasimama, akasema, "Taa hii ina kitambi," akaenda zake. Safari hii Sisimizi alicheka mpaka machozi. Akageuka kumtazama Bibi. Bibi alikuwa ameziba mdomo kwa mtandio, mabega yanaruka.

Kisha likaja pango la tatu.

"Mbele yenu," Fundi akaanza, sauti imeshuka, "kuna ukumbi mpana. Juu kuna tundu, jua linaingia. Na katikati..."

"Kushoto!" Mwalimu na Daktari walipaza sauti kwa pamoja. "Tunakimbilia kushoto kwake!"

Hawakungoja hata picha. Ndivyo walivyofanya siku zote. Joka halina mguu wa mbele wa kushoto, haliwezi kukanyaga upande huo. Walicheka, walishikana mikono kama watoto wanaoruka mfereji. Fundi naye akacheka, akafunua picha, akaitazama.

Akaacha kucheka. Kidole chake kikagusa mguu mmoja, wa pili, wa tatu.

"Linanyanyua," akasema polepole, "mguu wake wa mbele wa kushoto."

"Halina huo."

"Linao."

Wakainuka. Wakahesabu. Mwalimu wa hesabu akahesabu mara mbili.

"Rusheni dadu," Fundi akasema.

Mwalimu akapata mbili. Daktari akapata moja.

"Mmekanyagwa. Mmekufa wote."

Kisha chumba kikalipuka.

"Mguu umetoka wapi?"

"Mimi nimekufa kwa kichomi, nimekufa kwa miiba, kwa joka sijafa hata siku moja!"

"Ule mguu aliutoa kwa hiari," Mwalimu alisema, "alikuwa anashikilia lango la pango wasiingie wezi. Nimeisimulia darasani miaka yote!"

"Wapi! Uko chini ya jiwe," Daktari akasema. "Jiwe lilikuwa linaangukia yai lake, akalikinga kwa mguu. Nimewaambia tangu zamani, mguu uko chini ya jiwe! Na jiwe lenyewe liko wapi leo?"

Fundi peke yake hakupiga kelele. "Binti yangu alizaliwa na mguu mmoja mfupi," alisema. Wengine wakatulia, maana walijua. "Watoto wenzake walikuwa wanamcheka. Nikamwonyesha joka. Nikamwambia, huyu hapa anachechemea, na hakuna anayeogopwa kama yeye. Tangu siku hiyo akichekwa anawaambia, 'Mimi ni wa ukoo wa joka, angalieni.' Sasa ana watoto wake, na anawafundisha hivyo hivyo." Akaifunika picha taratibu. Hata katika huzuni hakutaka kuitupa. "Binti, mkono wako ni mzuri. Lakini hili si joka letu."

Mchapishaji akasimama kutoka kwenye boksi. "Meza imekataa," akasema, na ilionekana ameumia kusema. "Nilikwambia ulitazame la zamani vizuri."

"Nililitazama."

"Sasa kwa nini?"

Sisimizi alihisi uso unamchoma. Jibu lilikuwa pale pale, limekaa kwenye kiti chenye mto. Angelitoa, labda wangemhurumia, labda wangempa nafasi nyingine. Lakini Bibi angeonekana na aibu yake mbele ya watu, baada ya miaka arobaini ya kuificha.

"Niliona litapendeza zaidi," akasema. "Kosa ni langu."

Mto ukaanguka sakafuni.

"Mwongo huyo!" Bibi alikuwa amesimama. "Msimsikilize. Mguu niliuomba mimi."

"Na wewe, mama," Mchapishaji akasema kwa upole, "ni nani?"

"Mimi ndiye niliyeumwagia wino."

Hawakuelewa. Basi akawaeleza yote, pale pale, mkono mmoja ukishika meza: homa ya mtoto, kichupa, dimbwi, jiwe. Alieleza haraka haraka kama mtu anayetoa mwiba. Alipomaliza akafumba macho, akangoja kicheko.

Kilikuja. Lakini kilikuja na mikono. Daktari wa Meno alimkumbatia upande mmoja, Mwalimu akavua kofia na kumshika mkono asiuachie, na Fundi alisimama, akakaa, akasimama tena.

"Mama Wino!" Daktari alikuwa anapiga kelele sikioni mwake. Hilo ndilo jina walilompa mchoraji wasiyemjua. "Ni Mama Wino mwenyewe! Na mguu uko chini ya jiwe! Mmemsikia? Amesema mwenyewe! Miaka arobaini mnanibishia!"

"Lakini mlinicheka," Bibi akasema, amechanganyikiwa. "Dukani. Nilimsikia kijana kwa masikio yangu. Anaita wenzake, joka lina miguu mitatu..."

Fundi akajikuna shingo. "Kijana mwenyewe alikuwa mwembamba?"

"Ee."

"Sauti kubwa?"

"Mno."

"Mama, ni mimi. Nilikuwa nimefurahi! Vitabu vyote vilikuwa na majoka yanayofanana, la kwako lilikuwa na yake yaliyolipata. Nilinunua viwili. Kimoja cha kuchezea, kimoja cha kutazama."

Bibi akamtazama kuanzia futi ya shingoni mpaka viatu. "Ungenishika mkono basi, mwanangu, ukaniambia!"

"Ningejuaje kama ni wewe, mama?"

"Na Baba alijua," Mchapishaji akaongeza. "Aliwahi kunisimulia. Alihesabu miguu siku ile ile ulipoleta. Akasema, 'Huyu mama amekuja na mtoto mgonjwa mgongoni. Simrudishi nyumbani kwa ajili ya mguu wa nyoka.'"

Hapo Bibi alikaa. Sisimizi akauokota mto, akauweka mgongoni mwake, naye Bibi akaushika mkono wa mjukuu wake na kuubusu.

"Lifute, mke mwenzangu," akasema. "Niliomba nisichokijua. Rudisha jiwe."

"Itakuwa vizuri," Mchapishaji akakubali. "Mguu utoke, halafu Meza itazame upya."

Sisimizi akafungua kishikwambi. Kidole kilikuwa tayari juu ya kioo.

"Ngoja!" Daktari wa Meno akasema.

Alikuwa ameinamia picha, ametoa mfukoni ile lenzi ndogo ya kuchungulia meno. Alitazama mguu wa kulia. Akatazama wa kushoto. Akainua kichwa, macho yamemtoka.

"Jua liko wapi?"

"Tundu liko juu, kulia," Fundi akasema.

"Haya. Miguu hii mitatu inang'aa upande wa kulia. Huu hapa unang'aa kushoto." Akagonga meza kwa lenzi. "Jamani, jino la bandia nalijua hata mtu akicheka ng'ambo ya barabara. Linang'aa kivyake. Huu mguu si wa mnyama huyu. Ni wa bandia!"

Wote wakagongana vichwa kuitazama. Sisimizi aliona mara moja. Alinakili mguu wa pili, akaugeuza, na mwanga ukageuka nao. Kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza.

Mchapishaji akamgeukia. "Ulikusudia?"

Meza ilikuwa inamtazama kwa tamaa kabisa. Neno moja tu, ndiyo, lingetosha.

"Hapana," Sisimizi akasema. "Niliuweka asubuhi, nikaugeuza, nikasahau kwamba mwanga utageuka. Ni kosa tu."

"Kosa!" Fundi alipiga meza, dadu ikaruka. Uso wake ulikuwa umefunguka kama mlango. "Mmesikia? Hajakusudia! Ni kosa halali!"

"La ukoo!" Daktari akapokea. "Bibi kamwaga, mjukuu kageuza!"

"Kilichochorwa kipo," Fundi akasema, sasa kwa sauti ya Msimulizi. "Kwa hiyo joka limepata mguu wa bandia. Na joka halishiki randa wala msumeno. Basi ndani ya mapango haya kuna fundi aliyelionea huruma, akakaa chini, akalichongea. Ni nani huyo? Hatujawahi kumwona."

"Na kama ni wa bandia," Mwalimu akasema polepole, macho yakianza kumeta, "unachomoka. Na kinachochomoka kinaibika."

"Wewe umekufa."

"Nimekanyagwa na mti, sijakanyagwa na mfupa! Nimezimia!"

Fundi akapima mguu kwa futi, akanuna, akapima tena. "Haya. Mmezimia."

Wakashangilia kama watu waliofufuka, na kwa kweli walikuwa wamefufuka. Fundi akaichukua ile picha, akaishika mbali, akaishika karibu. "Nitampelekea binti yangu," akasema. "Ukoo wake umechongewa mguu." Kisha akamwambia Mchapishaji, "Meza imekubali. Andika."

Mchapishaji akachomoa penseli nyuma ya sikio, na kwa kuwa hakuona karatasi katika chumba kilichojaa karatasi, akaandika juu ya boksi alilokuwa amekalia: *Picha sitini. Mwanga wa mguu mtu asiuguse.* Akaandika chini yake jina kamili la Sisimizi, akamuuliza mara mbili linaandikwaje, ili lisikosewe kwenye jalada.

Sisimizi alitaka kusema ahsante, ikatoka sauti ya panya. Akaruka. Akamkumbatia Bibi, akamkumbatia Daktari, akakumbatia boksi. "Malimao yatajichora yenyewe!" akasema, na hakuna aliyeelewa isipokuwa Bibi, lakini wote wakashangilia.

"Basi tuendelee," Fundi akasema. "Joka linawatazama mlivyolala."

"Na mimi?" Bibi akauliza.

Wakageuka.

"Miaka arobaini nimekaa nje ya mchezo huu kwa kiburi changu. Nimekuja kucheza."

Mwalimu tayari alikuwa anamvutia kiti karibu na meza, mto na vyote. Daktari akamsogezea karatasi na penseli iliyochongwa. "Chagua shujaa, Mama Wino. Upanga? Uchawi? Wizi nao si mbaya, muulize huyu."

Bibi akawatazama mmoja mmoja, akapanga mtandio vizuri mabegani.

"Mimi nitakuwa joka."

"Mama, joka ni la Msimulizi," Fundi akasema.

Wengine wote wakamkazia macho. Fundi akashusha pumzi, akampa dadu kwa mikono miwili.

Bibi akaipuliza. "Mwizi wa mguu wangu yuko wapi?"

"Nimezimia, mama," Mwalimu akajibu kwa sauti ndogo.

"Endelea hivyo hivyo, usitikisike."

Akairusha kwa nguvu zake zote. Dadu ikaruka meza, ikagonga ukuta, ikabingirika chini ya mashine ya kukatia karatasi, na Fundi, Mwalimu, Daktari na Mchapishaji wakapiga magoti sakafuni wote kwa mara moja, wakisukumana kutaka kuona imeangukia ngapi, huku Sisimizi akiwamulikia kwa kishikwambi, na Bibi amesimama juu yao, mikono imekunjwa makucha, ananguruma.